Jiji Nalo Litenge Ngitiri ya Reli

Kila mkulima wa Usukuma aijua maana ya ngitiri. Ni sehemu ya malisho ambayo mwenye mji, au kijiji kizima, huitenga wakati wa masika, nyasi zikiwa tele, na kuikataza isiguswe na ng'ombe hata mmoja, ili kiangazi kitakapokaza na malambo kukauka, wanyama wapate pahali pa kukimbilia. Mgeni asiyeijua desturi hiyo aweza kudhani kuwa wenyeji wamepumbaa: nyasi nzuri zasimama zikikomaa, na ng'ombe wanafukuzwa wasizile! Lakini ufikapo mwezi wa Septemba, jua likiwa kali na ardhi ya Bukundi imepasuka nyufa, mgeni huyo huyo huona kwamba aliyetenga ngitiri ana mifugo, na ambaye hakutenga ana ngozi tu za kuanika.

Tumeanza na ngitiri, ingawa makusudio ya makala hii ni kuzungumza juu ya reli ya abiria ndani ya jiji la Dar es Salaam. Msomaji asistaajabu. Mambo haya mawili ni ndugu. Mji mkubwa, kama kijiji cha wafugaji, una masika yake na kiangazi chake. Masika ya mji ni wakati ule ambapo ardhi bado ipo, watu bado si wengi mno, na njia yaweza kuchorwa bila ya kumbomolea mtu. Kiangazi chake ni wakati ambapo kila hatua imekwisha jengwa nyumba, kila barabara imejaa magari, na njia mpya haiwezi kupatikana ila kwa kubomoa, au kupanda juu kwa madaraja, au kuchimba chini kama fuko. Dar es Salaam imo katika siku za mwisho za masika yake. Swali lililo mbele yetu ni kama itatenga ngitiri yake sasa, au itangoja mpaka nyasi zimekwisha.

YATUHUSU NINI SISI?

Tunajua vema kwamba huku kwetu Meatu wako watakaouliza, na wana haki ya kuuliza: reli ya Dar es Salaam yamhusu nini mtu wa Bukundi? Kata yetu iko pembeni mwa Mkoa wa Simiyu, upande wa ziwa Eyasi na mto Sibiti, ambako Wasukuma, Wanyiramba, Wataturu na Wahadzabe hukaa jirani. Sisi tunalima pamba, mtama na alizeti; tunafuga; tunasafiri kwa barabara ya vumbi ambayo wakati wa mvua hugeuka kuwa tope la kushika gurudumu. Je, yafaa sisi tufikirie jinsi mtu wa Kimara atakavyofika Kariakoo bila ya kusukumana?

Jibu letu ni ndiyo, tena kwa sababu tatu.

Sababu ya kwanza ni fedha. Reli ya mjini haijengwi kwa fedha za mji peke yake. Hujengwa kwa mikopo ambayo Jamhuri nzima huitia sahihi, na mikopo hiyo hulipwa na Hazina. Na Hazina hujazwa na nani? Hujazwa na kila mtu anunuaye sabuni, kiberiti na mafuta; hujazwa na tozo iliyomo ndani ya kila lita ya dizeli inayobeba marobota ya pamba kutoka kwenye kiwanda cha kuchambulia mpaka bandarini. Mama wa Bukundi anunuaye kilo ya sukari gulioni amekwisha kuweka jiwe lake katika tuta la reli ya Dar es Salaam, ajue asijue. Basi aliyetoa jiwe ana haki ya kuuliza ukuta unajengwaje.

Sababu ya pili ni watoto wetu. Sensa ya mwaka 1967 iliwakuta Dar es Salaam watu 272,821. Sensa ya mwaka 2022 iliwakuta 5,383,728. Yaani katika muda wa miaka 55 mji ule umekuwa karibu mara ishirini. Katika miaka kumi tu, baina ya sensa ya mwaka 2012 na ile ya 2022, walizidi watu zaidi ya milioni moja, ambao ni karibu nusu ya watu wote wa Mkoa wa Simiyu. Hao hawakuzaliwa wote Mzizima. Wengi walitoka mashambani, na vijana wa Meatu, Maswa, Itilima na Bariadi wamo. Wanaosimama alfajiri kituoni Mbagala wakingoja gari lenye nafasi ni watoto wetu wenyewe.

Sababu ya tatu ndiyo kubwa, nayo ndiyo kiini cha makala hii: gharama ya jiji lililochelewa hulipwa na mashamba. Shilingi ambayo Dar es Salaam italazimika kuitumia kuchimba chini ya ardhi, kwa sababu haikuhifadhi njia juu ya ardhi, ndiyo shilingi ambayo haitaonekana itakapotakiwa kutia lami barabara ya kutoka Kolandoto kupitia Lalago na Mwanhuzi hata Sibiti. Hazina ni moja, na mfuko wake una kitako.

TULIKOTOKA

Ili tujue pa kwenda, yafaa tutazame nyuma. Reli ndiyo iliyoikuza Dar es Salaam. Wajerumani walianza kuitandika Reli ya Kati kutoka bandarini mwaka 1905. Ikafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Waingereza wakaongeza tawi la kutoka Tabora, likafika Mwanza mwaka 1928, na hilo ndilo lililoibeba pamba ya Usukuma kwenda baharini miaka mingi. Baadaye, baina ya mwaka 1970 na 1975, ikajengwa reli ya TAZARA kwa mkopo usio na riba kutoka China, kilometa 1,860 mpaka New Kapiri Mposhi nchini Zambia.

Basi mji ule una reli mbili za zamani zinazopenya katikati ya makazi ya watu, na zote mbili zilijengwa kwa ajili ya safari ndefu na mizigo. Kwa miaka mingi hakuna aliyewaza sana kwamba mtu wa Buguruni naye ni abiria. Yeye aliachiwa mabasi. Tangu mwaka 1949 kulikuwa na kampuni iliyojulikana kwa herufi DMT. Ikataifishwa mwaka 1970, na mwaka 1974 likaundwa Shirika la Usafiri Dar es Salaam, yaani UDA. Wazee watayakumbuka mabasi marefu ya Ikarus kutoka Hungaria, yaliyounganishwa katikati kwa mpira, ambayo watu waliyaita kumbakumba. Mabasi yalikuwa mazuri, lakini vipuri vilikuwa haba na fedha za kigeni hazikuonekana. Mji ukakua, mabasi yakapungua. Mwaka 1983 serikali ikaruhusu magari ya watu binafsi yabebe abiria, na kwa kuwa nauli ilikuwa shilingi tano, sarafu iliyoitwa dala, makondakta wakawa wakiita "dala! dala!" na jina likashika. Daladala ziliiokoa Dar es Salaam, hilo hatuwezi kulikana. Lakini gari dogo likiwa moja husaidia. Yakiwa maelfu katika barabara moja, huzuiana yenyewe kwa yenyewe, na msaada hugeuka kuwa msongamano.

Mnamo Oktoba 2012 lilitendeka jambo dogo lenye maana kubwa. Wizara ya Uchukuzi, chini ya Waziri Harrison Mwakyembe, ilichukua mabehewa yaliyokuwapo na reli zilizokuwapo, ikaanzisha treni za abiria wa mjini: moja katika Reli ya Kati kutoka Stesheni mpaka Ubungo Maziwa, nyingine katika reli ya TAZARA mpaka Mwakanga. Watu wakaiita treni ya Mwakyembe. Haikuwa na umeme wala milango ya kujifungua. Ilikuwa kichwa cha dizeli na mabehewa yaliyokarabatiwa. Lakini ilijaa tangu siku zake za kwanza, kwa sababu ilipita pasipo na foleni. Jambo hilo lilitufundisha kwamba njia iliyohifadhiwa ina thamani kuliko chombo kipitacho juu yake. Chombo hununuliwa hata kesho. Njia haiuzwi dukani.

MABASI YA HARAKA NA MAFUNZO YAKE

Miaka minne baadaye, tarehe 10 Mei 2016, mabasi yaendayo haraka yakaanza kazi kutoka Kimara mpaka Kivukoni, pamoja na matawi ya Morocco na Kariakoo, jumla ya kilometa zipatazo 21. Mfano wake ulitoka Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, ambako mabasi ya namna hiyo yalianza mwishoni mwa mwaka 2000. Njia ya katikati ya barabara ikatengwa kwa mabasi peke yake, vituo vikainuliwa vilingane na mlango wa basi, na nauli ikalipwa kabla ya kupanda. Safari ambayo ilimla mtu saa mbili ikawa chini ya saa moja. Wenye kupima mambo hayo duniani wakaipa Dar es Salaam Tuzo ya Usafiri Endelevu ya mwaka 2018, mji wa kwanza wa Afrika kuipata.

Sifa hiyo ilistahili. Lakini rafiki wa kweli ni yule asemaye na upungufu. Njia ile ilipangiwa mabasi 305. Yalipoanza yalikuwa 140. Karakana kuu ilijengwa Jangwani, katika bonde la mto Msimbazi, mahali ambapo jina lake la jangwa halimzuii maji kupita kila mwaka. Mafuriko yakaingia karakanani mara kwa mara, yakaharibu mabasi, na huduma ikasimama kila daraja lilipofunikwa. Mwaka 2022 serikali na Benki ya Dunia wakaafikiana juu ya mradi wa bonde la Msimbazi, ambao ndani yake imo kazi ya kuinua daraja la Jangwani na kuihamisha karakana. Maana yake ni kwamba tunalipa mara ya pili kwa kazi ambayo ingepangwa vema ingelipwa mara moja. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ujengapo ukuta mahali pa mto, utajenga mara mbili.

Kisha ikaja njia ya Mbagala, kilometa zipatazo 20 katika barabara ya Kilwa. Zege likakauka, vituo vikasimama tayari, lakini mabasi hayakuwapo. Wananchi wakawa wakiitazama njia tupu huku wamebanwa katika daladala pembeni yake, hata huduma ilipoanza mwaka 2025. Hapo pia pana somo. Mradi wa usafiri si barabara, wala si reli, wala si stesheni. Mradi ni safari ya mtu. Siku ambayo abiria wa kwanza hajasafiri, mradi haujakamilika, hata utepe ukiwa umekatwa.

Tena tutazame Bogotá yenyewe, mwalimu wetu. Mji huo uliokuwa mfano kwa mabasi ya haraka, leo unajenga reli yake ya kwanza ya mjini, kilometa 24 juu ya nguzo, baada ya kuizungumza tangu miaka ya 1940. Haukuacha mabasi, umeona kwamba mabasi peke yake hayatoshi mji unapopita mamilioni kadhaa ya watu. Basi reli haiji kushindana na basi. Reli ni mto, basi ni kijito, daladala na bodaboda ni mifereji. Mto usipokuwapo, vijito vyote hufurika.

RELI YA MJI HUPANGWAJE?

Watu wengi hudhani kwamba reli huanza pale greda linapoonekana. Sivyo. Greda ni la mwisho. Kazi ya kwanza ni kuhesabu watu: wangapi hutoka wapi, huenda wapi, saa ngapi, na wanalipa nini. Mnamo mwaka 2008, kwa msaada wa Japani, uliandikwa mpango mkuu wa usafiri wa Dar es Salaam, na mwaka 2018 ukapitiwa upya. Hesabu za namna hiyo ni kama mvua kwa mpanzi: apandaye bila ya kuzitazama amecheza bahati nasibu.

Kazi ya pili ni kuchagua njia, na hapa ndipo gharama huamuliwa. Reli yaweza kupita juu ya ardhi, juu ya nguzo, au chini ya ardhi. Ipitayo juu ya ardhi ni rahisi kuliko zote, lakini yataka ukanda wa ardhi ulio wazi, na pasiwe na watu na magari kuikatiza ovyo. Ya juu ya nguzo ni ghali zaidi. Ya chini ya ardhi huzidi hizo mara kadhaa, hasa katika mji wa pwani wenye mchanga, ambako mchimbaji hayuko mbali na maji. Reli mpya ya kisasa ilipoingia katikati ya Dar es Salaam ilipandishwa juu ya daraja kwa kilometa zipatazo mbili na nusu, kwa sababu chini hapakuwa na nafasi ya kupita bila ya kugongana na barabara.

Kazi ya tatu ni ile isiyoonekana: kupima udongo, kuhamisha mabomba ya maji, nyaya za umeme na simu, na mifereji ya maji machafu. Katika miji mingi miradi huchelewa hapo, kwa kuwa aliyezika bomba miaka hamsini iliyopita hakuacha ramani. Mali bila daftari hupotea bila habari, na bomba bila ramani hupasuka bila taarifa.

Kazi ya nne ni fidia. Huko London, mji uliokuwa wa kwanza duniani kufungua reli ya chini ya ardhi, tarehe 10 Januari 1863, vibanda vya maskini vilivunjwa njiani, na wapangaji wengi wakahamishwa bila kupata chochote. Sisi hatuna udhuru wa kurudia jambo hilo. Sheria zetu za ardhi za mwaka 1999 zasema kwamba mtu achukuliwaye ardhi yake alipwe fidia kamili, ya haki, na kwa wakati. Lakini ni nani asiyekumbuka mwaka 2017, nyumba nyingi zilipobomolewa kuanzia Kimara kwenda Kiluvya kwa ajili ya kuipanua barabara ya Morogoro? Serikali ilisema ni hifadhi ya barabara. Wenye nyumba wakasema wamekaa hapo miaka na miaka. Haidhuru nani alikuwa na haki kisheria, maumivu yalikuwa ya kweli, na chanzo chake kilikuwa kimoja: mpaka wa hifadhi haukuwa ukionekana machoni mwa watu wakati walipokuwa wakijenga. Alama ya zege iliyosimikwa mapema ingalimwokoa mtu nyumba yake.

Kazi ya tano ni umeme, karakana, vipuri na mafundi. Umeme tunao mkubwa kuliko zamani: bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115. Mafundi tunao pia. Reli ya kisasa ya kutoka Dar es Salaam, iliyoanza kubeba abiria mpaka Morogoro Juni 2024 na mpaka Dodoma Julai ya mwaka huo, inaendeshwa kwa umeme, na vijana wetu wamejifunza kuitunza. Ukiona vyaelea, vimeundwa; nasi tumekwisha kuona kwamba wa kuunda wanaweza kuwa watu wetu.

WENZETU WA AFRIKA

Tujifunze kwa jirani, maana kujifunza kwa jirani ni rahisi kuliko kujifunza kwa kuumia. Addis Ababa ilifungua reli yake ya umeme ya mjini Septemba 2015, kwa gharama ya dola za Marekani milioni 475, na sehemu kubwa ya fedha ilikuwa mkopo wa Benki ya Exim ya China. Ilianza na treni 41, na abiria wakafurika. Lakini nauli iliwekwa chini mno, fedha za kigeni za kununulia vipuri zikakosekana, na kufikia mwaka 2023 zilizokuwa zikifanya kazi zilikuwa chini ya nusu. Deni likabaki zima, treni zikabaki nusu. Ndiyo hadithi ile ile ya kumbakumba za UDA, ila imevaa nguo mpya.

Lagos nayo ilikusudia kujenga reli ya mjini mwaka 1983, na mkataba ukafanywa. Mwaka 1985 serikali ya kijeshi ikaufuta. Mji ukaendelea kukua bila ya reli kwa muda wa kizazi kizima, na treni ya kwanza ya abiria katika njia ile ya buluu, kilometa 13, haikutembea mpaka Septemba 2023. Miaka 38 ya kungoja! Mji haungoji pamoja nawe. Wakati wewe unaahirisha, yeye anajenga nyumba juu ya njia yako.

Lakini uko pia mfano wa kutia moyo. Cairo ilifungua reli yake mwaka 1987, ya kwanza ya namna hiyo katika Afrika. Je, ilichimba mji mzima? La. Ilikuwa na reli mbili za zamani, moja upande wa Helwan na nyingine upande wa El Marg, zilizokoma pande mbili za mji bila ya kukutana. Wakazifufua zote mbili, wakaziunganisha katikati kwa njia ya chini ya ardhi ya kilometa chache tu. Kwa kazi hiyo ndogo ya kuchimba wakapata reli ndefu ya abiria.

Msomaji bila shaka amekwisha kuona tunakoelekea. Dar es Salaam nayo ina reli mbili za zamani, na ya tatu mpya. Zina ukanda wao wa ardhi, zinapita Buguruni, Tabata, Vingunguti, Yombo na Pugu, mahali penye watu wengi. Huo ukanda ndio ngitiri ambayo wazee wetu waliitenga bila ya kukusudia. Kuna haja gani ya kuanza na ndoto ya kuchimba chini ya Kariakoo, hali ngitiri hiyo ipo, na kila mwaka vibanda, gereji na kuta vinaimega?

LA KUFANYA

Tunathubutu kutoa rai, kwa heshima, kama walipaji wa jiwe lile tulilolitaja.

Kwanza, mipaka ya reli zote zilizomo mjini isimikwe upya kwa mawe ya zege yanayoonekana, na ramani zake zibandikwe katika kila ofisi ya serikali ya mtaa. Pamoja na hayo, nyanda mpya zitengwe sasa kuelekea kule mji unakokua: Bunju, Kibaha, Chanika, Mkuranga na Kigamboni. Wenye ardhi hizo walipwe leo, maana bei ya leo ya shamba la mihogo ni ndogo kuliko bei ya kesho ya ghorofa.

Pili, pawe na chombo kimoja chenye sauti. Tangu Halmashauri ya Jiji ya zamani ilipovunjwa mwaka 2021, mkoa ule una halmashauri tano. Kuna Shirika la Reli, kuna TAZARA, kuna wakala wa mabasi ya haraka, kuna wakala za barabara. Kila mmoja ana kalamu yake na ramani yake. Abiria lakini ni yule yule mmoja, na tiketi yake yapaswa kuwa moja. Mtumbwi wenye manahodha wengi hauhitaji dhoruba ili uzame.

Tatu, kabla ya kununua treni, utengwe mfuko wa vipuri usioguswa kwa shughuli nyingine yoyote. Mfugaji hanunui ng'ombe wa maziwa kabla ya kujua atakunywa maji wapi.

Nne, na hili ndilo letu sisi wa mashambani, kila shilingi itakayookolewa kwa kupanga mapema ionekane. Reli ya kisasa ya kutoka Mwanza kuja Isaka, kilometa 341, ambayo jiwe lake la msingi liliwekwa Juni 2021, itapita Shinyanga, mlango wetu wa kutokea. Lakini reli ya Shinyanga haitamfaa mtu wa Bukundi iwapo pamba yake itakwama kwenye tope kabla ya kufika Lalago. Hatudai kwamba jiji linyimwe reli ili sisi tupate lami. Madai yetu ni kwamba jiji lijenge kwa akili, ili sote tupate.

Wako watakaosema kwamba kutenga ardhi leo kwa treni ya miaka ishirini ijayo ni anasa, na kwamba zipo shida za leo zinazolia. Hoja hiyo si ya kubezwa. Fedha ya fidia ni fedha ya kweli, na hospitali inayongoja dawa haiwezi kulishwa ramani. Lakini kutenga hakulingani na kujenga. Kutenga ni kazi ya mpimaji, ya mawe ya mpaka, ya sheria kusimamiwa, na ya fidia kwa mashamba ambayo bado ni mashamba. Katika kazi zote za reli hiyo ndiyo nafuu kuliko zote, na ni hiyo peke yake isiyoweza kufanywa baadaye. Treni twaweza kuzinunua mwaka 2040. Ukanda wa ardhi kutoka Bunju mpaka mjini, mwaka 2040 hautanunulika.

Wazee wa Usukuma hawakuwa na ofisi za mipango miji, wala hawakukopa kwa benki yoyote ya nje. Lakini walijua kumwambia mchungaji: usiingie hapa, hata kama leo ng'ombe wako wana njaa kidogo, kwa sababu mwezi wa kumi waja. Neno hilo lilikuwa gumu kulisema, na gumu zaidi kulisimamia, kwa kuwa aliyezuiwa alikuwa jirani na pengine ndugu. Hata hivyo lilisimamiwa, na mifugo ikapona. Wakuu wa jiji na wakuu wa nchi wanao uwezo wa kulisema neno hilo hilo kwa anayetaka kujenga ukuta juu ya njia ya treni, awe tajiri au maskini, bila upendeleo. Walisimamie sasa, wakati nyasi bado zipo.